Kutoka Barazani hadi Jikoni: Mwongozo kwa Asiye na Pa Kulala Mtwara

Ukipita karibu na soko Mtwara saa kumi na moja alfajiri, utakuta watu wa aina mbili wameshaamka: wanaowasha majiko na wanaokunja maboksi waliyolalia. Kati yao kuna hatua kumi tu. Mwongozo huu ni wa kuvuka hatua hizo kumi. Nisikudanganye, huchukua miezi, na kwa wengine mwaka mzima.

Kwa nini jikoni, na si bodaboda wala ubebaji wa mizigo? Kwanza, jikoni unakula siku ileile unayoanza. Pili, hakuna anayeomba cheti kwa mtu wa kuosha vyombo. Sababu ya tatu ndiyo inayonifanya niandike. Mama lishe wa kawaida huhudumia makumi ya watu kwa siku: makuli, madereva, wauza samaki, karani wa ghala, mwenyekiti wa mtaa. Ukikaa wiki mbili nyuma ya sufuria zake, watu wote hao wameshaiona sura yako. Asiye na nyumba hukosa paa, lakini kinachomrudisha nyuma zaidi ni kukosa mtu wa kusema "huyu namjua". Anza kwa kutafuta huyo mtu. Chumba kitafuata.

Usiku wa leo kwanza

Kama una chini ya miaka 18, usiendelee kusoma, tafuta simu. Namba 116 ni ya huduma kwa watoto na kuipiga ni bure. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kinaweza kukuunganisha na Afisa Ustawi wa Jamii. Mwanamke aliyekimbia kipigo naye aanzie dawati hilohilo, kabla ya kufikiria jikoni lolote.

Mtu mzima anayelala nje ajue kwamba Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, bado ina makosa ya uzururaji, na kuna siku watu huzolewa. Anayeweza kusema "nafanya kazi kwa mama fulani, mwulizeni" ana mahali pa kuanzia maelezo yake. Aliyenyamaza hana. Kwa hiyo lala mahali penye mlinzi anayekujua, msalimie kila jioni, na ondoka kabla mwenye duka hajafika. Fagia baraza kabla ya kuondoka. Nimewaona wenye maduka wakiruhusu mtu kwa ajili ya ufagio tu.

Afisa Ustawi wa Jamii yupo halmashauri. Wengi humwona ni mtu wa mayatima na kesi za ndoa. Nenda hata hivyo, ueleze hali yako ili jina lako liandikwe. Misikiti na makanisa nako usitafute sahani ya siku moja peke yake. Muulize imamu au katekista kama anamfahamu mama lishe au mwenye mgahawa anayehitaji msaidizi. Ukitumwa na mtu mwenye heshima, mlango hufunguka haraka kuliko ukijileta mwenyewe.

Mlango wa jikoni upo nyuma

Usiende asubuhi. Asubuhi mama lishe ana maandazi kwenye karai, chai inachemka, wateja wamesimama, na mtu asiyemjua anamwongezea moshi tu. Usiende saa saba pia, wali unapakuliwa. Nenda saa nane na nusu mchana, wateja wameanza kupungua, mabeseni yamejaa sahani zenye mafuta yaliyoganda na mama amekaa kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Hapo ndipo atakusikiliza.

Nawa uso na mikono kabla ya kufika. Kata kucha. Kisha sema kwa ufupi: "Shikamoo mama. Naomba nikusaidie vyombo leo. Sikudai kitu, ukiwa na chakula kimebaki nitashukuru." Usianze na historia ya maisha yako. Akitaka kuijua atakuuliza siku ya tatu, na hapo mwambie ukweli, pamoja na pale unapolala. Mama akigundua mwenyewe kwamba unalala stendi na ulimwambia unakaa kwa shangazi huko Chikongola, kazi imeisha.

Akikataa, shukuru na uende kwa wa pili. Akikubali, osha hivi: mabaki kwenye ndoo yake, maji ya moto na sabuni, suuza kwa maji safi, suuza tena, kisha vyombo viinamishwe vikauke kwenye kichanja, visipanguswe kwa kanga iliyopangusia meza. Sufuria lisugue hadi nje. Masizi ya mkaa yanasahaulika na wengi, na mama hutambua mtu kwa masizi.

Kesho yake rudi saa ileile bila kuitwa. Baada ya siku nne au tano mwombe uje alfajiri. Aliyelala nje huwa ameshaamka kwa baridi na mbu. Hapa tu ndipo shida yako inakusaidia.

Kufanya kazi kwa chakula ni kwa siku chache. Wiki mbili zikipita na bado unapewa sahani tu, zungumza kwa adabu: "Mama, naomba tupatane kitu kidogo cha siku." Nina uchungu na hili. Nilipoanza, niliosha vyombo mgahawa mmoja miezi mitatu kwa wali na mchuzi, na mwenyewe alijisifu mbele za watu kwamba ananilea. Kulea gani huko.

Neno kwa mama mwenye sufuria

Nawe mama mwenzangu unayempokea, usimpe funguo siku ya kwanza na usimfiche kila kitu mwezi wa tatu. Mtambulishe kwa jina lake, si "huyu mtoto wa stendi". Mpatie pa kuogea, maana hatashika unga kwa mwili wa jana. Kama unaweza, mwekee pesa yake kwenye kibubu au daftari, uandike kila siku mbele yake, naye aandike kwake. Anayelala nje hawezi kutembea na shilingi elfu hamsini mfukoni. Ataibiwa, au ataitumia kwa hofu ya kuibiwa.

Mambo haya yamefanyika kwa ukubwa kwingine. Januari 1989 huko Washington, Marekani, Robert Egger alikusanya chakula kilichobaki katika sherehe za kuapishwa kwa Rais George H. W. Bush na kukipeleka kwa wasio na makazi. Ndivyo DC Central Kitchen ilivyoanza, na haukupita muda mrefu ikaanza kuwafundisha upishi haohao waliokuwa wakiletewa chakula. Sisi hatuna chakula kingi hivyo cha kubaki. Tunacho kibao cha mbuzi cha kukunia nazi na mtu wa kukikalia.

Cha kujifunza, na nini kitangulie

Watu wengi wanataka kuanza na biriani. Anza na nazi. Pwani hii asiyejua kukuna nazi na kukamua tui ni mgeni jikoni. Kuna nazi hadi ukaribie kifuu bila kuchanganya vipande vyeusi, kamua tui zito kwa maji kidogo ya uvuguvugu, liweke pembeni. Machicha yatoe tui la pili na la tatu. Tui jepesi ndilo linalopikia maharage, kisamvu au mchele, tui zito huingia mwisho, na likiingia usiache kukoroga wala moto usiwe mkali, litakatika. Tui likikatika mchuzi unaonekana kama maziwa yaliyoganda, na mteja wa Mtwara hatakuambia kitu, atahamia jirani tu.

Baada ya nazi ni moto. Mkaa una tabia zake: mwingi na mkali kwa kukaanga, mchache uliotandazwa kwa wali, makaa juu ya kifuniko kwa kupalia. Lakini jifunze na gesi. Nchi kavu ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, gesi asilia iligunduliwa 1982 na tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, huku majiko mengi ya mtaani kwetu yakiendelea kula magunia ya mkaa. Kejeli hiyo tuiache. Jambo la kwako ni kwamba serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Shule, hospitali na vyuo vitatafuta wapishi wasioogopa jiko la gesi: anayejua kukagua mpira, kufunga mtungi usiku, na kutowasha kiberiti anaposikia harufu.

Tatu ni samaki. Nenda feri, kwenye soko la samaki, asubuhi na mtu anayejua kununua. Jicho liwe limejaa na linang'aa, yavuyavu liwe jekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Jodari aliyekaa juani ni hatari ya peke yake: hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuuma kichwa, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. Anayekuuzia bei ya kutupa saa tisa alasiri anajua anachokuuzia. Pweza apigwe au apikwe taratibu kwa maji yake mwenyewe kabla ya chumvi. Ukimharakisha atakuwa raba.

Nne ni muhogo. Muhogo mtamu chemsha au kaanga. Muhogo mchungu una sumu ya asili, na wazee wetu hawakuumenya, kuuloweka na kuukausha kwa siku kadhaa kwa sababu ya mila tu. Anayefupisha kazi hiyo kipindi cha njaa anaweza kupooza miguu. Ukinunua unga wa muhogo, nunua kwa mtu unayemjua. Ming'oko, vile viazi vya porini, yenyewe haina shida hiyo, ichemshe na chumvi, iuze kwenye sahani karibu na chai, wenyeji wataipita chapati waifuate.

Ndipo uje kwenye chapati, maandazi na vitumbua. Hivi navitaja mwisho kwa sababu ndivyo vitakavyokulisha wewe binafsi baadaye. Vinahitaji mtaji mdogo, karai moja na mkono uliozoea. Mkono huo unaupata kwa kukanda unga wa mwenzako miezi kadhaa.

Katikati ya yote kuna usafi wa joto, jambo linalotofautisha mpishi na mtu anayepika. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Ama kibaki moto, zaidi ya nyuzi 60, ama kipozwe haraka. Wali uliolala kwenye sufuria hadi asubuhi unaweza kumtapisha mtu hata ukiupasha, kwa sababu vijidudu vyake vinaacha sumu isiyokufa kwa moto. Chakula cha nazi huchacha haraka kuliko chote. Mbao ya kukatia nyama mbichi isikate kachumbari. Mvua za masika zikianza, chemsha maji ya kunywa ya wateja bila kusubiri mtu atangaze kipindupindu.

Na hesabu. Kilo ya mchele ikiiva hufika kilo mbili na nusu hadi tatu. Sahani ya gramu 400 utapata sita au saba. Jumlisha mchele, nazi, mboga, mkaa, maji na sabuni, gawanya kwa sahani, ndipo upange bei. Mama lishe wengi hawahesabu mkaa, kisha wanashangaa faida imekwenda wapi.

Karatasi

Mwezi wa pili, ukishajulikana, shughulikia karatasi. Ya kwanza ni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na hapa ndipo wengi hukwama: mtendaji anauliza unaishi mtaa gani. Usiende peke yako. Nenda na mama unayemfanyia kazi au mzee anayekufahamu, akuelezee kwa mwenyekiti kwamba uko mtaani kwake kila siku kuanzia alfajiri hadi jioni. Kuna wenyeviti watakaokubali mara moja na wengine watakaosema rudi kesho. Rudi kesho.

Barua hiyo inafungua kitambulisho cha taifa. Kujiandikisha NIDA mara ya kwanza hakulipiwi, ila uwe umetimiza miaka 18. Unahitaji uthibitisho wa kuzaliwa au nyaraka nyingine inayokutambulisha, kama cheti cha shule. Waliozaliwa Newala, Tandahimba au Nanyumbu wapige simu nyumbani kabla ya kusema hawana kitu. Mara nyingi cheti cha darasa la saba kimo kwenye sanduku la bibi. Kilichopotea kichukulie taarifa ya upotevu polisi. Namba ikitoka, hata kadi ikichelewa, unaweza kusajili laini ya simu kwa jina lako na kuweka akiba humo badala ya soksini.

Karatasi ya tatu ni ya afya. Anayeshika chakula cha watu hupimwa kila miezi sita, kisha afisa afya hukagua. Fanya mapema hata kama mwenye mgahawa hajakudai. Siku ukienda kuomba kazi hotelini, hiyo ndiyo itakayokutofautisha na wenzako kumi waliokaa benchi moja nawe.

Darasani

Ziko njia tatu, na sitazisifu zote sawa.

Ya kwanza ni chuo cha ufundi stadi cha VETA, Mtwara au Lindi. Kozi ndefu huenda kwa hatua ya kwanza hadi ya tatu, na zipo kozi fupi za jioni au za wiki chache. Fomu za kozi ndefu hutoka nusu ya pili ya mwaka ili watu waanze Januari. Fika mwenyewe uulize mwaka huo upishi upo au haupo, ada ni kiasi gani, na inalipwa kwa awamu ngapi.

Ya pili, ambayo mtu asiye na pa kulala aiangalie kwanza, ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza miaka ya 1970 na sasa viko 54 nchini. Kwetu Kusini kipo Mtawanya kwa Mtwara, Masasi, na Chilala kwa Lindi. Faida yake ni bweni: unapata ujuzi na kitanda kwa wakati mmoja. Wasichana waliokatishwa shule, hata wenye watoto wachanga, waulizie mpango wa Elimu Haina Mwisho. Mama wa miaka 20 mwenye mtoto mgongoni ambaye jikoni kwangu ningemwambia "mtoto atakaa wapi na mafuta haya", kule ana nafasi ya kusoma.

Ya tatu ni kwa mtu aliyepika miaka bila karatasi. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa unachojua, unaelekezwa palipo na pengo, unapewa cheti. Huhitaji kuanza upya na kuandika daftari zima kuhusu aina za visu wakati umekata vitunguu miaka sita.

Ada itatoka wapi? Hapa ndipo jamii inaingia kwa vitendo. Nimeona wateja wa kibanda kimoja wakichangishana fomu na sare za kijana aliyekuwa akiwaletea maji ya kunawa. Hawakumchangia kwa huruma peke yake, walikuwa wamekula kutoka mkononi mwake. Omba baada ya kujulikana, omba kitu chenye jina, "fomu" au "viatu vya jikoni", usiombe "msaada".

Chumba

Wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka mitatu au sita. Tuseme umepata chumba cha 30,000 kwa mwezi uswahilini, na mwenyewe anataka mitatu. Hiyo ni 90,000. Ongeza godoro, chandarua, ndoo mbili, kufuli na sufuria moja, ufike tuseme 170,000. Ukiweka 2,000 kila siku, ni siku 85. Gawanya lengo lako kwa siku, ulibandike mahali unapoliona.

Kucheza mchezo, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, na mama lishe wenzako kunafupisha njia. Omba kijumbe, yule anayepanga zamu, akuweke katikati. Ukipokea wa kwanza utaogopwa, ukipokea wa mwisho utachoka. Au tafuta mwenzio wa kazi mpange pamoja.

Panga kwa kufuata korosho. Minada ikianza Oktoba pesa inaingia mjini, maghala yanajaa, makuli wanakula mara tatu, na msaidizi wa jikoni anaweza kudai nyongeza. Chumba kitafute miezi hiyo. Machi hadi Agosti biashara hulegea. Ramadhani nayo ina hesabu yake: mchana sufuria zimefunikwa, lakini kuanzia saa kumi alasiri mihogo, magimbi, tambi na kaimati huisha kabla ya adhana. Asiyejiandaa hupoteza mwezi mzima wa akiba.

Usikope kausha damu kulipia kodi. Narudia kwa sababu najua utashawishika: mkopo wa kulipa kila siku utakurudisha barazani, safari hii ukiwa na mdai. Mikopo yenye maana ni ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, ilisimamishwa 2023 na imerejea 2024. Hutolewa kupitia vikundi vilivyosajiliwa, hivyo Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kumwona. Ila hiyo ni ya kununua karai, meza na mtungi, ukiwa tayari na pa kulala.

Mwezi wa kwanza ndani

Wengi hudhani ukipata funguo umemaliza. Mwezi huu ndio niliowaona watu wakirudi nje. Chumba kina ukimya, na aliyezoea kelele za stendi hukosa usingizi. Halafu marafiki wa barazani wanakuja watatu na maboksi yao. Waambie mapema: karibuni kula Jumapili, kulala siwezi, mwenye nyumba amekataza. Wapeleke kwa mama anayetafuta wa kuosha vyombo. Huo ndio msaada ulio nao.

Siku ya kwanza pika mwenyewe, hata kama umeshiba kazini. Kikombe kimoja cha mchele, nusu nazi, mlango wazi. Jirani atapiga hodi kuuliza ni nani mgeni anayepika vizuri hivi. Mkaribishe, umuulize mjumbe anakaa nyumba gani, na kesho yake, ukimaliza vyombo, uende ukajiandikishe kwa jina lako na mtaa wako.